Fuata Njia ya Maji: Mwongozo wa Mashine ya Kuosha Vyombo Katika Nyumba za Morogoro

Mwezi wa Aprili, masika yanapokaza na mawingu yakaufunika Uluguru tangu vileleni hata kwenye mashamba ya chini, mito inayoteremkia mjini Morogoro hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, na mtu anayefungua koki ya jikoni kwake alfajiri huyaona maji yakitangulia na wekundu kidogo kabla ya kutakata. Ilikuwa katika mwezi kama huo ndipo mashine yangu ya kuosha vyombo iliponigomea kwa mara ya kwanza. Taa iliwaka, mashine ikanguruma dakika mbili tatu, kisha ikanyamaza na kuonyesha alama ya hitilafu, na vyombo vya chakula cha usiku vikabaki humo vikavu, na masizi na makoko yake, kama nilivyovipanga. Fundi niliyemwita aliitazama kwa nje, akahukumu kwamba pampu imekufa, akanitajia bei ya pampu mpya iliyoninyima usingizi. Kabla ya kumpa jawabu niliufungua mpira wa kuingizia maji pale unapoungana na mashine, nikakuta ndani yake chujio dogo la wavu, lisilofika ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, limezibwa kabisa na tope laini jekundu. Nililisugua kwa mswaki mkuukuu, nikalirudisha mahali pake, na mashine ikaosha vyombo siku ile ile. Wala pampu yake haijabadilishwa hata leo.

Tangu hapo nimeshika kanuni moja, nayo ndiyo ninayotaka kukuusia, msomaji: katika mji huu maradhi mengi ya mashine hizi asili yake ni maji yanayoingia na maji yanayotoka, na mwenye nyumba aliye tayari kuyafuata maji hayo hatua kwa hatua, tangu tangini hata shimo la maji machafu, aghalabu ataiona ila yenyewe kabla hajamlipa mtu.

Yafaa kwanza ujue mashine hii inatenda nini, kwani wengi hudhani kwamba ndani yake mna brashi zinazosugua. Josephine Cochran, mwanamke wa mji wa Shelbyville, jimbo la Illinois nchini Marekani, aliyepewa hataza ya mashine yake tarehe 28 Desemba 1886 na kuionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, alitambua kwamba vyombo vikikaa imara katika vitundu vyake, maji ya moto yenye sabuni yakirushwa kwa nguvu yatavisafisha pasipo kuguswa na mkono wa mtu. Na mashine za leo, pamoja na taa zake na vitufe vyake, zingali zikifanya jambo lilo hilo. Valvu hufunguka, maji lita 3 au 4 hivi hujikusanya chini, hita huyapasha moto, pampu huyasukuma ndani ya mikono miwili yenye matundu inayozunguka kwa nguvu ya maji hayo hayo, na mwisho pampu ya pili huyatoa nje, kisha mzunguko huanza upya kwa maji mengine. Zingatia neno moja hapa: mashine haiyavuti maji. Huyafungulia mlango tu, na maji sharti yaingie kwa nguvu yake yenyewe. Asiyelijua hili hubadilisha vipuri vitatu na ugonjwa ukabaki pale pale.

Kabla ya kutia mkono popote, chomoa plagi ukutani na ufunge koki ya maji. Kuzima kitufe cha mashine hakutoshi, maadam umeme ungali umefika ndani yake. Na kama mashine yako ni ya mtumba kutoka bara Ulaya, itazame plagi yake kwa hadhari. Nyingi huja na plagi ya pini mbili nene za mviringo, ambayo ethi yake hugusa pembeni, ilhali adapta nyingi za bei nafuu hushika pini mbili zile peke yake, na waya wa ethi ukabaki hauna pa kwenda. Ukigusa mlango wa mashine ukahisi mwasho kama wa sisimizi vidoleni, huo ni umeme unaotafuta njia ya kupita mwilini mwako. Acha kila kitu, uite fundi umeme akufungie plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ya ampea 13, na ahakikishe kwamba ethi ya nyumba imefika ardhini kweli. Mashine ya kutoka Marekani nayo hutaka volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza siku hiyo hiyo.

Ikiwa mashine haiwaki kabisa, usifikirie makubwa. Chomeka birika la umeme katika soketi ile ile uone kama linachemka, tazama salio la LUKU na swichi kuu, kisha ufunge mlango wa mashine mpaka usikie ukilia ta, kwani kitasa kisiposhikana hakuna kinachoanza. Wakati mwingine sahani moja iliyojitokeza mbele ya kitundu ndiyo inayouzuia mlango. Tazama pia kama hukubonyeza kwa bahati mbaya kile kitufe cha kuchelewesha kuanza au kile cha kuwazuia watoto.

Sasa tuyafuate maji, na hapa nataka tukae kidogo. Maji ya Morogoro yana safari yake: mito kama Mzinga, Mlali na Ngerengere huyabeba kutoka mabonde ya Uluguru hadi Bwawa la Mindu, na mto Morogoro hushuka kutoka mlimani mpaka mjini, na milima hii, ambayo kilele chake cha Kimhandu hufika mita 2,630, hupokea mvua nyingi juu ya miteremko mikali inayolimwa, hata udongo ukawa hauna budi kuteremka pamoja na maji. Ijapokuwa maji hutibiwa kabla ya kufika kwako, chembe ndogo mno hutulia ndani ya mabomba na katika matangi ya nyumbani, na kila mara maji yanapokatika kisha yakarudi, hewa na machujo hayo husukumwa mbele kwa kishindo. Kwa hiyo maji yakirudi, fungua kwanza koki ya uani uyaache yatiririke mpaka yawe meupe, ndipo uifungulie mashine.

Chukua ndoo ya lita 10, fungua mpira wa maji upande wa mashine, elekeza ncha yake ndooni, fungua koki, utazame saa. Ndoo ikijaa kwa dakika moja au pungufu, maji yako yanatosha mashine zilizo nyingi. Ikichukua dakika mbili au tatu, huenda umekwisha kuipata sababu ya mashine kugoma, kwa kuwa mashine hungoja maji kwa muda maalumu, na muda ukipita bila kujaa hujizima yenyewe. Hapo chunguza mambo mawili. La kwanza ni chujio lile dogo la wavu nililolitaja, lililo pale mpira unapoungana na mashine, na mara nyingine jingine liko upande wa koki. Livute taratibu kwa koleo, ulioshe, ulirudishe. Wakati wa masika fanya hivyo kila baada ya wiki mbili au tatu. Lakini ikiwa mpira wako una kisanduku kikubwa cha plastiki kwenye ncha ya koki, usikitumbukize majini, kwani ndani yake mna valvu inayotumia umeme; safisha wavu wake peke yake.

La pili ni kimo cha tangi. Nyumba nyingi hapa hutegemea tangi la plastiki lililopandishwa juu ya mnara, na kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takriban baa 1 tu. Mashine nyingi hutaka presha isiyopungua baa 0.3, na nyingine baa 0.5, yaani uso wa maji tangini uwe juu ya valvu ya mashine kwa mita 3 hadi 5. Basi mnara wa mita 2 utakupa mashine inayofanya kazi tangi likiwa limejaa na kugoma likifika nusu, na utaisingizia mashine uchawi ilhali ni hesabu. Wanaokaa mtelemkoni, kama Kilakala na Bigwa, wana neema ambayo sioni ikitumiwa ipasavyo: tangi likiwekwa upande wa juu wa kiwanja, mlima wenyewe unakuwa mnara, na gharama ya vyuma inaepukwa. Anayekaa tambarare ama ainue mnara, ama afunge pampu ndogo ya kuongeza presha. Fauka ya hayo, bomba la kutolea maji tangini lisikae chini kabisa. Liinuliwe kiasi cha upana wa kiganja ili matope yatulie chini yake. Na anayetia shabu tangini ili kuyatakasa maji ya mvua au ya mto, naangoje machujo yatue vizuri kabla ya kuyatumia, kwani shabu haiyaondoi matope bali huyateremsha chini.

Iko dalili moja inayowahangaisha watu kuliko zote: mashine haijazi maji, lakini pampu ya kutolea inanguruma bila kukoma, hata ukiizima na kuiwasha tena. Chini kabisa ya mashine nyingi mna sinia, na ndani ya sinia mna boya dogo. Maji yakivuja yakalijaza sinia, boya huinuka na kuiambia mashine kwamba nyumba inafurika, nayo hukataa kupokea maji mengine. Mara nyingi hakuna kilichopasuka. Kilichotokea ni kwamba mtu wa nyumbani, sabuni ya mashine ilipokwisha, alitia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, povu likafura, likamwagikia siniani. Chomoa plagi, funga koki, uivute mashine kwa msaada wa mtu wa pili, uilaze kidogo kwa nyuma mpaka maji ya siniani yatoke, uyafute kwa tambara, kisha uiache ikauke nusu siku. Povu lililobaki ndani litulize kwa chumvi kidogo na maji baridi. Sinia likijaa tena ilhali sabuni ni sahihi, kagua mipira ya chini kwa kurunzi. Panya hupenda sana joto la mahali pale, na meno yao huacha alama isiyofichika.

Tuingie ndani. Mashine inayojaza na kutoa maji vyema lakini ikavitoa vyombo vichafu, hiyo haina ugonjwa ila imeshiba. Toa kitundu cha chini, zungusha chujio kubwa kuelekea kushoto mpaka lilegee, ulinyanyue, uone kilicho humo. Katika nyumba zetu utakuta punje za wali, mbegu za nyanya, mifupa ya dagaa, maganda ya maharage, na juu ya yote utando wa ugali uliogeuka gundi. Lioshe kwa maji ya moto na brashi laini, walau mara moja kwa wiki. Kisha nyanyua mikono ya kurushia maji, uitikise sikioni: ukisikia kitu kikigongagonga ndani, kitoe kwa kibanio, na matundu yaliyoziba yazibue kwa njiti nyembamba. Kabla ya kila mwosho zungusha mikono hiyo kwa kidole, kwani sufuria moja kubwa au mwiko uliosimama wima huweza kuusimamisha mkono, na nusu ya vyombo isipate tone.

Vyakula vya kwetu vina adabu zake mbele ya mashine hii. Ugali na wali uukwangue tu, usiusuuze mpaka sahani ing'ae, kwa maana sabuni ya mashine ina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunja wanga na protini, na vinafanya kazi vizuri zaidi penye chakula cha kuvunja na maji ya nyuzi 50 hadi 60 hivi. Fenesi ni jambo jingine. Msimu wa mafenesi unapofika na soko likajaa mizigo kutoka Matombo na Mkuyuni, usiingize kisu chenye utomvu wake mashinini, kwa sababu maji ya moto hayauyeyushi bali huutawanya ukashika kwenye wavu wa chujio kama ulimbo. Ufute kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo usabunishe. Sufuria za aluminiamu zitatoka na weusi usioondoka, kwani sabuni hii ni kali kuliko ya mkono. Mwiko, mbuzi ya kukunia nazi na chungu cha udongo, vyote vioshe kwa mkono kama walivyofanya mama zetu; mti hupasuka, na meno ya mbuzi hushika kutu.

Glasi zikitoka na ukungu mweupe, tia tone la siki juu yake. Ukungu ukiondoka, ni chokaa ya maji, na dawa yake ni chumvi maalumu ya mashine katika chombo chake kilicho chini. Usiondoke, kioo chenyewe kimelika, na hakuna dawa ila kupunguza sabuni na joto. Maji ya vijito vya mlimani kwa kawaida ni laini, hutoa povu upesi, ilhali maji ya visima vilivyochimbwa huweza kuwa magumu; basi weka kipimo cha mashine kwa kadiri ya maji yako, si kwa kadiri ya jirani. Chumvi ya mawe ya baharini usiitie, maana huja na mchanga na madini yale yale unayotaka kuyaondoa, na chumvi laini ya mezani hugandamana ikaziba. Itie chumvi pale tu unapokuwa tayari kuwasha mashine, ili ile iliyomwagika isuuzwe kabla haijala chuma.

Vyombo vikitoka vya baridi na vyenye mafuta, wengi hukimbilia kulaumu hita. Pima kwanza umeme. Nguvu ya hita hupungua kwa mraba wa volti: hita ya wati 2,000 kwenye volti 230, volti zikishuka hadi 180, hubaki na wati 1,225 hivi, na mwosho ukarefuka au ukakatika njiani. Taa zikififia saa za jioni, osha vyombo usiku wa manane au alfajiri. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa plagi, ungoje dakika kadhaa baada ya kurudi ndipo uchomeke, kwa kuwa mshtuko wa marejeo yake ndio unaoua kadi ya umeme, na kadi hiyo ni miongoni mwa vipuri vya ghali mno.

Maji yakibaki chini baada ya mwosho, njia ya kutokea imezibwa. Yakombe kwa kikombe na sponji, toa chujio, ufungue kifuniko kidogo cha pampu ya kutolea kilicho chini yake, utafute kilichonasa kwenye feni yake. Tumia kijiti kabla ya kidole, kwani humo hujificha vipande vya glasi. Mimi nimekuta kokwa ya ukwaju, na mara mbili njiti ya mshikaki iliyovunjika. Kisha kagua mpira wa kutolea maji: usibanwe na ukuta, na mahali fulani upande juu kiasi cha sentimita 40 hadi 100 kutoka sakafuni kabla ya kushuka, la sivyo maji yatajitoa yenyewe wakati mashine ingali inayajaza, au uchafu wa sinki utarudi ndani. Masika yakiwa makubwa shimo la maji machafu nalo hujaa kwa maji ya ardhini, na hapo mashine haina kosa lolote. Mwaga ndoo ya maji sinkini uone kama yanashuka. Na maji haya usiyaelekeze kwenye bustani ya mchicha, kwa kuwa yana chumvi na magadi yanayoudhuru udongo.

Zikibaki hitilafu za hita, mota au kadi, mwite fundi, nawe uwe umeandika namba zilizo kwenye kibandiko cha ukingo wa mlango, kwani kipuri kinachotafutwa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kutaja jina la kampuni tu aghalabu hurudi si chenyewe. Na siku hizi treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, hukuwezesha kwenda na kurudi siku moja ukiwa na kipuri kibovu mfukoni cha kulinganishia. Mwombe fundi akipime kipuri cha zamani mbele yako kabla ya kukihukumu. Hita nzima ya wati 2,000 husoma takriban omu 26 kwenye mita. Ikisoma namba hiyo, haijafa, na ugonjwa uko kwingine. Kazi ikiisha, mwambie asirudishe ubao wa chini kwanza: washeni mashine tupu, mwosho mmoja mfupi, mkae pamoja na kurunzi mkiitazama mipira na viungo vyake, mpaka maji ya mwisho yatoke na sakafu ibaki kavu.